Gurudumu, pipa la tiketi au meza ya kasino? Kuchagua vifaa vya kuchangisha fedha kwa chama chenu hapa Rissne



Msimu wa vuli ukifika, vyama vyetu vingi huanza kupiga hesabu. Safari ya watoto ya kiangazi inahitaji basi. Timu ya vijana inahitaji jezi. Darasa la Kiswahili la Jumamosi linahitaji vitabu, na mfuko wa misiba haufai kukaa mtupu. Michango ya kila mwezi haitoshi, maana kila nyumba ina kodi ya kulipa na ndugu walioachwa nyuma wanaosubiri kutumiwa chochote. Ndipo mtu husimama mkutanoni akasema: "Tufanye usiku wa kasino." Ameona picha kutoka Marekani au Uingereza: meza za kitambaa cha kijani, watu wamevaa suti, na pesa zote zinakwenda kwenye hisani. Swali linalofuata ni hili: tukodi vifaa gani ili tupate zaidi?

Swali hili linastahili jibu kamili, kwa hiyo tulijibu hatua kwa hatua. Kwa kifupi, kifaa kinacholeta fedha nyingi siyo kile kinachong'aa kuliko vingine. Kifaa kizuri ni kile ambacho sheria ya Sweden inakiruhusu, ambacho watu wenu wanaweza kukiendesha wenyewe, na ambacho kabla hakijazunguka mnajua tayari ni krona ngapi zitabaki kwa chama. Ukikipima kila kifaa kwa mambo hayo matatu, meza ya kasino inashindwa na gurudumu la mbao.

Sheria inasemaje

Sheria ya michezo ya kamari ya Sweden inaitwa Spellagen, nayo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Msingi wake ni rahisi kuukumbuka. Mtu akitoa pesa ili acheze, na akaweza kushinda pesa au kitu chenye thamani kwa bahati, hiyo ni kamari machoni pa sheria. Anayeiendesha anahitaji leseni, au usajili, au awe ndani ya nafasi ndogo ambazo sheria yenyewe imezifungua. Ofisi inayosimamia mambo haya ni Spelinspektionen.

Wengi hudhani kwamba pesa zikienda kwa watoto au kwa wagonjwa, sheria italegeza. Nia njema haiondoi hitaji la leseni. Ruleti na meza za karata za pesa ni michezo ya kasino hata zikiwekwa katika ukumbi wa chama, katikati ya sahani za pilau. Kuendesha kamari bila ruhusa ni kosa la jinai, na adhabu yake ni faini au kifungo cha hadi miaka 2. Kosa likihesabiwa kuwa kubwa, kifungo ni kuanzia miezi 6 hadi miaka 6. Kwa mtu ambaye bado anasubiri uraia, rekodi ya namna hiyo ni mzigo mzito kuliko faida yoyote ya usiku mmoja.

Hata dola yenyewe imefunga kumbi zake za kasino. Casino Cosmopol, kasino za kampuni ya serikali ya Svenska Spel, zilianza mwaka 2001 mjini Sundsvall. Ile ya Stockholm, iliyofunguliwa mwaka 2003, ndiyo ilikuwa ya mwisho kubaki, nayo ikafungwa mwaka 2025.

Lakini mlango wa vyama haukufungwa. Uko wazi kwa bahati nasibu, ambayo Waswidi huiita *lotteri*, na ndani yake mna tiketi, pipa la kuzungusha na gurudumu la bahati. Kuna njia tatu.

Ya kwanza ni bahati nasibu ndogo inayofanyika kwenye sherehe yenyewe, tiketi zikauzwa na kuchezeshwa pale pale. Hii inaweza kuruhusiwa bila leseni wala usajili, mradi bei ya tiketi na thamani ya zawadi kubwa zisipite viwango vya sheria. Viwango hivyo hupimwa kwa *prisbasbelopp*, kiasi ambacho serikali hukipanga upya kila mwaka. Kwa mwaka 2025 kilikuwa krona 58,800. Kwa kuwa hubadilika, ulizeni manispaa kiwango cha mwaka wenu kabla ya kuchapisha tiketi.

Njia ya pili ni kusajili bahati nasibu ya chama. Mkiuza tiketi ndani ya Sundbyberg peke yake, mnajisajili kwa manispaa ya Sundbyberg. Sisi wakazi wa Rissne lazima tuwe macho hapa. Ukipanda treni ya buluu ukashuka kituo kimoja mbele, Rinkeby, tayari umeingia manispaa ya Stockholm. Chama kikiuza tiketi Rissne na Rinkeby kwa pamoja, usajili wa manispaa moja hautoshi tena, ulizeni Spelinspektionen. Treni haikuonyeshi mpaka, ila karatasi zinauona.

Njia ya tatu ni kuuza tiketi za bahati nasibu ambayo tayari ina leseni. Mfano unaojulikana na kila Mswidi ni Bingolotto. Vyama vya michezo na vya mitaa huuza tiketi zake na kubaki na sehemu ya bei, hasa kabla ya jioni ya tarehe 23 Desemba, wakati familia nyingi hukaa mbele ya televisheni kuucheza. Njia hii haihitaji kifaa chochote, inahitaji miguu ya kutembea na ulimi wa kuuza.

Hesabu ya ruleti

Tuache sheria kando kidogo, tuitazame hesabu peke yake. Watu hudhani kwamba kasino inatajirika kwa sababu meza zake zinakula pesa nyingi. Ukweli ni kwamba kila mzunguko unakula kidogo sana. Gurudumu la ruleti la Ulaya lina nafasi 37, kuanzia 0 hadi 36. Anayeweka krona moja kwenye namba moja akashinda, hulipwa krona 35 na kurudishiwa ile aliyoweka. Tofauti kati ya 37 na 36 ndiyo riziki ya mwenye meza, yaani sehemu 1 katika 37, sawa na asilimia 2.7.

Sasa fanya hesabu ya ukumbi wetu. Tuseme wageni wameweka mezani jumla ya krona 4,000 usiku mzima. Wastani wa kinachobaki ni krona 108. Meza ya mtindo wa Marekani, yenye sufuri mbili na nafasi 38, ingebakiza kama krona 210. Kwa pesa hizo hulipi hata gari la kuleta meza.

Tena huo ni wastani tu. Kasino kubwa huufikia kwa sababu gurudumu lake huzunguka maelfu ya mara. Ninyi mtazungusha mara sitini au themanini. Mgeni mmoja akiweka krona 100 kwenye namba 17 na ikatoka, mnamlipa 3,500 juu ya mia yake. Mfuko wa safari ya watoto umekwisha kabla chai haijaandaliwa.

Hesabu ya gurudumu la bahati

Ukienda kwenye soko la Krismasi au sherehe ya kiangazi ya mtaa, utaliona gurudumu lililosimama wima, lina namba pembeni na ulimi wa plastiki au ngozi unaogonga vijiti: ta-ta-ta-ta, kisha linatulia. Waswidi huliita *chokladhjul*, gurudumu la chokoleti, kwa kuwa zawadi yake ya kawaida ni boksi la chokoleti. Watu hununua namba, gurudumu linazungushwa, mwenye namba anachukua zawadi.

Tofauti yake na ruleti ni kubwa. Kwenye ruleti chama kinacheza dhidi ya mgeni. Kwenye gurudumu chama hakichezi na mtu. Kimeshauza namba zote, kimeshanunua zawadi, na yeyote atakayeshinda, hesabu ya chama haibadiliki.

Chukua gurudumu la namba 40, kila namba krona 5. Namba zote zikiuzwa, mmepata krona 200. Zawadi ni ya krona 80. Zimebaki 120, yaani asilimia 60. Linganisha na 2.7 ya ruleti.

Wingi wa namba, hata hivyo, si faida kila wakati. Kuuza namba 40 kunachukua muda, na umati ukiwa mdogo baadhi zitabaki. Kwa zawadi ya krona 80 mnahitaji kuuza namba 16 ili tu kurudisha gharama. Mkiuza 25, faida ni krona 45. Sasa chukua gurudumu la namba 20 kwa krona 5, zawadi ya krona 40. Namba zote zikiuzwa, kila mzunguko unaacha krona 60. Kama gurudumu kubwa linachukua dakika 6 kwa mzunguko na dogo dakika 3, basi kwa saa mbili kubwa litazunguka mara 20 na dogo mara 40. Yote mawili yanaacha krona 2,400. Lakini dogo linajaza namba zake kwa urahisi, watoto hawachoki kusubiri, na watu wengi zaidi wanarudi nyumbani na kitu mkononi.

Kwa hiyo kanuni ya kuchagua ni hii: hesabu watu watakaokuwepo, si watu mnaotamani waje. Kwa mkusanyiko wa watu hamsini au sitini, gurudumu la namba 20 linatosha. Likodi kubwa kwa siku ya mtaa mzima, pale watu wanapopita mamia kwa mamia.

Kulikagua gurudumu kabla ya kulipa

Mkinunua gurudumu lililotumika, au fundi wenu akilichonga mwenyewe, likagueni kwa mikono kabla ya kutoa pesa.

Kwanza, inueni ule ulimi, zungusheni polepole, kisha liacheni litulie lenyewe. Rudieni mara kumi. Ikiwa upande ule ule unashuka chini kila mara, gurudumu ni zito upande mmoja na namba fulani zitapendelewa. Tatizo hili hutengenezwa kwa kubandika uzito mdogo nyuma, upande ulio mwepesi, hadi litulie popote.

Pili, angalieni vijiti. Kikilegea kimoja, ulimi utaruka na watu watabishana namba gani imetoka. Ubishi mmoja mbele ya umati unaharibu mauzo ya usiku mzima.

Tatu, angalieni miguu. Gurudumu likitikisika litaonekana la ujanja hata kama ni la haki, tena linaweza kumwangukia mtoto. Liwekeni ukutani au kwenye meza nzito, nanyi mchore mstari chini ambao watoto hawauvuki.

Nne, ulizeni kama linakuja na vibao vya namba. Mnunuzi anapewa kibao, na baada ya mzunguko anakirudisha. Bila vibao mtaandika majina kwenye karatasi, na kasi yote itapotea.

Pipa na tiketi

Kifaa cha bei ndogo kuliko vyote ni tiketi za kukunja pamoja na pipa la kuzungushwa kwa mkono. Madukani Sweden utapata tiketi zilizofungwa kwa pete, kila moja ikiwa na namba au rangi. Mnunuzi anachagua pete, na pete zikiisha mnachezesha. Chagueni pipa linaloonyesha ndani. Watu wakiziona tiketi zikipinduka, wanaamini. Tiketi zote ziwe za karatasi moja, zimekunjwa namna moja, maana iliyokunjwa vibaya mkono huitambua.

Faida ya pipa ni kwamba haliulizi wingi wa watu. Uzeni tiketi 300 kwa krona 5 na mmepata krona 1,500. Lakini kinachoamua mapato hapa si pipa, ni zawadi. Kila zawadi mliyoinunua inatoka kwenye mfuko wa chama. Kila iliyochangwa inaingia nzima. Mama mmoja anachanga keki, mwingine kitenge, mwenye saluni anachanga kusuka nywele mara moja, dereva anachanga safari ya kwenda uwanja wa ndege. Wekeni zawadi mezani mbele ya pipa, zionekane. Mtu hanunui tiketi, ananunua ile keki anayoiona.

Jambo moja la kutahadhari: zawadi ziwe vitu au huduma, si pesa taslimu. Pesa taslimu hugeuza furaha kuwa kamari kwa macho ya wageni wengi, na pia huleta maswali ambayo nitayaeleza hapa chini.

Mnada, kifaa tulichokuja nacho

Waliotoka Kongo wanaujua mnada wa kanisani, pale kuku mmoja anaponunuliwa, akarudishwa, akauzwa tena mpaka amelipa bati zima la paa. Waliotoka Kenya wanakumbuka harambee. Mnada hauhitaji bahati: anayepanda bei kuliko wote anapata kitu, na kila mtu ameona kwa nini. Kwa hiyo si mchezo wa bahati, na sheria ya kamari haiugusi.

Hii ni njia inayowafaa pia ndugu zetu ambao dini yao haiwaruhusu kununua tiketi ya bahati. Waislamu wengi hawatashika namba ya gurudumu, na wapo Wakristo wengi wa makanisa yetu wanaofikiri vivyo hivyo. Chama kinachofanya gurudumu peke yake kinawaacha nje nusu ya ukumbi. Weka mnada katikati ya jioni, wote washiriki. Vifaa vyake ni meza moja, kipaza sauti, na mtu mwenye maneno matamu anayejua kumtania mjomba mpaka aongeze krona hamsini.

Kama bado mnataka meza

Zipo kampuni zinazokodisha meza za karata na ruleti kwa sherehe, ambapo kete hazina thamani yoyote. Wageni wanalipia chakula na burudani, wanapewa kete za bure, wanacheza, na mwisho kete zinarudi sandukuni. Hakuna kinachoshindwa wala kushindaniwa ila kicheko. Hapo panakuwa na mchezo tu.

Ugumu unaanza mkisema: "Mwenye kete nyingi atapata televisheni." Mgeni amelipa kiingilio, amecheza mchezo wa bahati, amepata kitu cha thamani. Mmerudi kwenye ile kanuni ya mwanzo. Kama mna wazo la namna hiyo, iandikieni Spelinspektionen barua pepe, mwelezee mpango wote, na mtunze jibu lao la maandishi.

Mkikodi meza ya burudani, chukueni ya karata badala ya ruleti. Kitambaa cha karata kinaweza kutandikwa juu ya meza ya kawaida, kinakaa watu kama saba, na anayegawa anajifunza kwa jioni moja. Gurudumu la ruleti ni zito, linataka meza iliyonyooka kabisa, na linahitaji mtu anayejua malipo ya kila aina ya dau. Kete ziwe za rangi tu, bila alama ya krona. Na pimeni mapato: fedha hapa zinatoka kwenye tiketi ya chakula. Kama wageni wenu ni majirani wale wale wanaochanga kila mwezi, gharama ya meza itameza faida ya pilau.

Vifaa vinavyosahaulika

"Mali bila daftari hupotea bila habari." Wazee hawakuwa wameiona Swish, lakini walijua wanachokisema.

Wageni wengi wa Kiswidi hawatembei na noti. Bila Swish, nusu yao watapita mbele ya gurudumu lenu wakitabasamu. Lakini Swish iwe ya chama. Namba ya Swish ya chama huanza na 123. Ili kuipata mnahitaji akaunti ya benki ya chama, na benki itadai namba ya usajili inayotolewa na Skatteverket, katiba ya chama, na muhtasari wa mkutano unaoonyesha nani anaruhusiwa kusaini. Benki huchukua muda, kwa hiyo anzeni miezi kadhaa kabla ya sherehe.

Msitumie namba ya simu ya mwenyekiti "kwa leo tu." Hili nalisema kwa herufi nzito. Mtu anayepokea *försörjningsstöd*, msaada wa maisha kutoka socialtjänsten, anaweza kutakiwa kuonyesha taarifa ya akaunti yake, na pesa zinazoingia kwa Swish zinaweza kuhesabiwa kuwa mapato yake. Krona 3,000 za safari ya watoto zilizopita kwenye simu yake zinaweza kupunguza msaada wa familia yake mwezi unaofuata, na kumwachia kazi ya kueleza kila krona. Amejitolea kuwasaidia, anabaki na deni. Ndiyo sababu nyingine ya kutotoa pesa taslimu kama zawadi.

Wakati huohuo, msiwasahau waliofika juzi. Bila namba ya utambulisho ya Sweden hakuna BankID, na bila BankID hakuna Swish. Wekeni sanduku la chuma lenye kufuli na chenji ya kutosha. Sanduku liwe na watu wawili wasio wa nyumba moja. Kabla ya kuanza, andikeni namba ya tiketi ya kwanza na chenji iliyomo. Mwisho, andikeni namba ya tiketi ya mwisho, hesabuni tiketi zilizobaki, hesabuni pesa wote wawili, sainini. Tangazeni matokeo siku hiyo hiyo kabla watu hawajavaa makoti: tumeuza kiasi gani, tumetumia kiasi gani, kimebaki nini, na kinakwenda wapi. Watu waliosikia hesabu hurudi mwaka unaofuata.

Wale ambao mchezo unawaumiza

Nilikulia kambini, na nimeona kadi ya mgao wa chakula ikiwekwa rehani kwenye mchezo wa karata. Unga ulikuwa wa watoto watano. Hapa Sweden hakuna kadi ya mgao, lakini kuna simu, na simu haifungi usiku. Hapa Rissne hata bila simu kishawishi hakiko mbali: uwanja wa mbio za farasi wa Solvalla, uliofunguliwa mwaka 1927, ni jirani yetu.

Katika kila mkusanyiko wa watu sitini, hesabu kwamba yupo anayepambana na jambo hili kimyakimya. Kwa ajili yake weka kikomo cha namba ambazo mtu mmoja anaweza kununua katika mzunguko. Usimtanie anayekataa kununua. Usikubali mtu akopeshwe ili acheze. Na kama mtu huyo ni wewe au mume wako au mwanao, kuna mambo mawili ya kufanya. Spelpaus.se ni mahali pa kujifungia mwenyewe: unachagua mwezi 1, 3, 6, au bila kikomo, na michezo yenye leseni inayohitaji kujisajili inakuzuia. Stödlinjen ni simu ya msaada isiyo na malipo, hawakuulizi jina: 020-81 91 00. Ukipenda, njoo ofisini tupige pamoja. Hakuna aibu ndani ya chumba hicho.

Mpangilio wa kufuata

Miezi mitatu kabla: hakikisheni chama kina namba ya usajili, akaunti na Swish yake. Amueni katika mkutano fedha ni za nini na mwandike kwenye muhtasari. Usiseme "kwa maendeleo." Sema "basi la watoto, safari ya Julai."

Miezi miwili kabla: pigeni simu manispaa ya Sundbyberg, mweleze mchezo, bei ya tiketi na zawadi kubwa. Ulizeni kama mnahitaji kusajili, na ulizeni pia kuhusu kuuza chakula. Mkitaka kufanya uwanjani, hapo torgeti au mahali pengine pa umma, ombeni kibali cha polisi. Kwa ukumbi, ulizeni mashirika ya elimu ya watu wazima kama ABF, ambayo hufanya kazi na vyama vingi vidogo.

Mwezi mmoja kabla: kodini gurudumu la ukubwa unaolingana na watu wenu, likagueni, na anzeni kukusanya zawadi za kuchangwa.

Siku yenyewe: gurudumu karibu na mlango, pipa na zawadi zake karibu na chakula, mnada katikati ya jioni wakati wote wamekaa. Watu wawili kwenye sanduku, karatasi ya Swish imebandikwa mahali panapoonekana, daftari liko wazi.

Gharama zote za vifaa hivi, gurudumu la kukodi, pete za tiketi, sanduku na kufuli, zikizidi robo ya mnachotarajia kupata, punguzeni. Mkiwa na barua yoyote ya Kiswidi kutoka manispaa, benki au Skatteverket msiyoielewa, msiisaini. Ileteni kwetu siku za kawaida za ofisi, tuisome pamoja.